Aliyetusomea Majina Mara Mbili

Alizikwa Jumatano alasiri kwao Jomvu Kuu, na mimi habari nikaipata Alhamisi asubuhi, nimekaa uani kwangu Utange nachambua mchicha. Mwenzangu mmoja tuliyefanya kazi pamoja zamani alinipigia simu. Akaniuliza hali, akawaulizia wajukuu, akauliza kama mvua imetufikia, ndipo akasema, "Yule bwana wa kompyuta wa godauni amefariki." Nikamuuliza bwana yupi, maana mwisho mwisho walikuwa wengi. Akanijibu, "Yule aliyetusomea majina." Hapo nikamjua. Waislamu hawakawizi maziko, nami ni Mkristo wa Kaloleni niliyeolewa huku, kwa hivyo simlaumu mtu kwa kutonipasha mapema. Nilimaliza mchicha wangu nikaubandika. Sikulia, na sitawadanganya hapa kwamba nililia. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu, tulikuwa watu wa kusalimiana na kupita. Lakini mnaonisoma mnajua kuwa simwandiki mtu kwa sababu ya machozi. Namwandika kwa kuwa alifanya jambo ambalo nikilinyamazia litazikwa pamoja naye. Jina lake nitaliacha kwa wenyewe, kama nilivyoyaacha ya wengine.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta katika godauni moja la kahawa kule Changamwe. Msimchanganye na fundi wa kufungua mashine kwa bisibisi. Yeye alikuwa akiandika maagizo ambayo mashine inayafuata: gunia hili limeingia lini, litoke lini, nani aitwe kazini leo, nani angoje kesho. Aliyaandika akiwa kijana, kwa lugha ya kompyuta ambayo vijana waliokuja nyuma yake na shahada zao waliicheka, wakasema ni ya wazee. Mimi shule niliachia darasa la tatu, na kompyuta naijua kwa kuiona tu. Lakini siku moja umeme ulikatika, mashine zote zikazima, naye akatoka na kikombe chake cha chai akaja kukaa barazani pale tulipokuwa tukichambua. Nikamuuliza, mtu na mashine husemezana vipi. Hakunicheka. Akaniambia kwamba yeye huandika kwa maneno, na mashine haijui maneno, kwa hivyo katikati yao pana programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo kazi yake ni kuyageuza maneno yote yawe lugha ya mashine. Nikasema, basi huyo ni mkalimani, kama wale wa mahakamani. Akatikisa kichwa. "Mkalimani anasimama kando yako, mama. Ukisema neno, naye anasema neno, ukimsikia amekosea unamkatiza. Huyu anachukua barua nzima, anaingia nayo ndani, anatoka nayo imeshageuka. Pale ambapo hukueleza vizuri, ameamua mwenyewe, na wewe hukumwona akiamua." Niliyashika maneno hayo bila kujua kuwa yatanihusu.

Sisi wanawake wa kuchambua kahawa tulikuwa vibarua. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya meza na kutoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, mpaka macho yanatoa maji. Siku nyingine walitaka watu wengi, siku nyingine wachache, na waliokosa walirudi nyumbani. Getini tulikuwa na utaratibu wetu ambao hakuna bosi aliyeupanga. Ukifika alfajiri unaweka jiwe lako kando ya ukuta, nyuma ya jiwe la aliyekutangulia, na kila mmoja lake linajulikana. Ukishaliweka uko huru kwenda kuswali, kunywa chai au kumnyonyesha mtoto, na hakuna mkono utakaoligusa. Karani akija hupita kando ya mawe akiandika majina yalivyofuatana, kisha majina yanaingizwa kwenye kompyuta. Programu ya yule bwana iliyapanga hivi: aliyengoja siku nyingi zaidi bila kuitwa anakuwa juu. Na kwa sababu wengi tulikuwa na siku sawa za kungoja, wale waliolingana walibaki walivyofuatana mawe yao. Tulikuwa hatujui kama linafanyika hilo. Tulikuwa tunasikia majina yakiitwa na kuona ni haki. Miaka yote ile sikuwahi kusikia ugomvi wa zamu pale getini, na msidhani ni kwa kuwa tulikuwa wapole.

Kisha mashine ikazeeka. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na waliokuwa wakiitengeneza huko ng'ambo wakaacha kutengeneza vipuri vyake. Kampuni ikanunua kompyuta mpya, zile ziitwazo seva, zikafungiwa kwenye chumba cha baridi. Swali likabaki la zile programu za zamani, kwamba zitupwe ziandikwe upya, au itafutwe kompaila inayoijua lugha ile ya wazee na inayoweza kukaa ndani ya seva mpya. Kuziandika upya kungechukua miaka, kwa hivyo wakaamua kununua kompaila. Zikaletwa mbili zijaribiwe. Ya kwanza ilikuwa ya haraka na bei yake nyepesi, na muuzaji wake alitoka Nairobi na viatu vinavyong'aa na maneno yaliyopangwa. Ya pili ilikuwa nzito. Ilikuwa ya kulipiwa leseni kila mwaka, na kitabu chake cha maelezo kilikuwa kinene kama matofali mawili. Lakini hiyo ilikuwa na mahali pa kuiambia: pale ambapo mwandishi hakueleza, fanya kama ilivyokuwa ikifanya mashine ya zamani.

Palikuwa na meneja mpya, kijana wa bara, ambaye simsemi vibaya kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Aliitaka ile ya kwanza. Wakaiendesha orodha yetu ya vibarua kwa kompaila zote mbili, na meneja akahesabu: majina ni yale yale, idadi ni ile ile, kurasa ni zile zile. Akasema hakuna tofauti, tununue ya haraka. Marehemu akamwonyesha kwamba mpangilio umebadilika, waliokuwa na siku sawa wamechanganywa kama karata. Muuzaji akajibu kwa upole, na jibu lake lilikuwa la kweli: programu haikusema popote waliolingana wapangwe vipi, kwa hivyo mpangilio wowote ni sahihi. Na hapo ndipo kosa la marehemu lilipokuwa. Aliona jinsi tunavyoweka mawe, akaiona mashine inatuacha tulivyo, akaridhika, asiandike. Mashine ya zamani ilikuwa ikitenda haki bila kuambiwa, naye akadhani imeambiwa. Baadaye alinieleza kuwa kuuongeza mstari wa kurekebisha pale kusingemchukua hata dakika tano. "Lakini huo ni mmoja niliouona," akasema. "Programu ni nyingi, nimeziandika kwa miaka. Ile ambayo sijaiona nitaiongezea nini?"

Haya yote yangebaki ya ofisini kama si tangazo lililobandikwa wiki ile ile. Kampuni ilitaka kuajiri wachambuzi thelathini wa kudumu, na watachukuliwa thelathini wa kwanza kwenye orodha. Ajira ya kudumu maana yake ni likizo, matibabu, na kulala usiku ukijua kesho unakwenda wapi. Mwanamke aliyekuwa wa thelathini na yule wa thelathini na moja, kati yao palikuwa na maisha mawili tofauti. Na orodha ile ilikuwa itolewe na kompaila itakayochaguliwa.

Basi yule bwana akafanya jambo ambalo sijasikia mwenye kompyuta mwingine amelifanya. Saa nne, wakati wa chai, alikuja kwenye chumba chetu cha kulia akiwa na karatasi za orodha zote mbili, kalamu ya risasi nyuma ya sikio na kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa, kichwani. Wengi wetu kusoma hatujui, naye alilijua hilo. Akasema atatusomea majina mara mbili, hatatuambia ipi ni ya kompaila gani, na anachotaka ni mtu aseme pale anaposikia mambo hayaendi kama tulivyosimama getini siku ile ya mwisho kuandikwa. Akaanza. Orodha ya kwanza ilipita kama maji. Tulikunywa chai yetu, bibi mmoja akasinzia, hakuna aliyeinua kichwa. Ya pili haikufika mbali. Mwanamke mmoja wa Mishomoroni aliweka kikombe chini.

"Ngoja hapo, bwana. Huyo ananitangulia tangu lini?"

"Karatasi ndiyo inavyosema."

"Karatasi haikuwako getini. Huyu siku hiyo kaja jua limeshapanda, na mafuta ya mahamri bado yanamng'aa mdomoni."

Yule aliyesemwa akajifunga leso vizuri kabla ya kujibu. "Wewe ulikuwa umelala, shoga. Na ukilala wewe, hata treni ikikupita kichwani huioni."

"Nilikuwa nimelala mbele yako. Ungenionaje nimelala kama hukunikuta?"

Chumba kizima kikacheka, hata yule bibi akaamka akauliza kumetokea nini. Mwenye leso naye akacheka, akakubali. "Haya, wallahi alinitangulia. Lakini mahamri sikula." Marehemu hakucheka. Akaandika kila neno kando ya majina yao, na kalamu ikawa haipumziki, maana kila baada ya majina machache palitokea mtu wa kusimama. Huyu amewekwa nyuma ya wifi yake aliyemkuta hapo. Yule amepandishwa na mwenyewe anasema si mahali pake. Niliwashangaa wale waliojishusha wenyewe mbele ya watu, na huku nikijiambia kuwa kwao ni rahisi, wao ni wa kumi au wa ishirini, wakishuka nafasi moja bado wanaajiriwa.

Kwa sababu mimi katika orodha ya kwanza nilikuwa wa thelathini na moja. Katika ya pili nilikuwa wa thelathini. Aliyebadilishana nami alikuwa mwanamke wa Likoni, ambaye siku hiyo hakuwapo, alikuwa hospitali na mtoto wake. Siku zetu za kungoja zilikuwa sawa. Na asubuhi ile ya kuandikwa nilikuwa naikumbuka kama naiona: yeye alivuka na feri ya kwanza, mimi nikaja nikamkuta, jiwe lake liko chini, akanisogezea nusu ya katoni aliyokuwa ameikalia ili nami nisikae kwenye umande. Tulikuwa wawili peke yetu kwa kitambo kizima, kwa hivyo hapakuwa na shahidi. Yule bwana akafika kwenye jina langu. Akaitazama karatasi moja, akaitazama nyingine.

"Mama, kati yako na huyu wa Likoni, nani alitangulia?"

"Sikumbuki."

Hakunitazama sana. Aliandika, na huku akiandika akalitamka analoliandika, kama alivyofanya kwa wote: "Hakumbuki." Kisha akaendelea na jina lililofuata. Kengele ikalia, tukarudi mezani. Nyumbani nilikuwa na wajukuu wanne na paa linalovuja. Hilo silitoi kama sababu. Nawaeleza tu nilikuwa wapi.

Usiku ule nililala kama kawaida, sitaki mnione mtakatifu aliyekosa usingizi. Asubuhi nilipofika getini nikamkuta yule wa Likoni, macho yamemvimba kwa kukesha wodini, na jiwe lake tayari liko chini. Akaniuliza kama kweli tulisomewa majina, na kama lake lilisomwa. Nikamwambia lilisomwa. Akasema alhamdulillahi. Nikaweka jiwe langu nyuma ya lake, mkono ukawa hautaki kuliachia, nikaondoka hapo moja kwa moja hadi ofisini kwa yule bwana kabla kazi haijaanza. Mlangoni nikampisha tarishi wa meneja, aliyekuwa ametumwa kuyachukua majibu yetu pamoja na ya programu nyingine zilizokuwa zikijaribiwa, naye alikuwa akitoka mikono mitupu. Nilisikia akijibiwa kuwa mashine bado inafanya kazi, arudi baadaye.

Nilisimama hapo hapo mlangoni. Sikumwamkia. Nikasema, "Wa Likoni alinitangulia. Nilimkuta amekaa." Yule bwana akatoa ile karatasi kwenye mtoto wa meza, akalipiga mstari lile "hakumbuki", akaandika nilivyosema. Kisha akaikunja. "Asante, mama. Mashine ilimaliza jana saa tisa."

Nikamuuliza, na kama nisingekuja.

"Ningeipeleka leo adhuhuri, ilivyo. Hakumbuki."

"Na ungejua kuwa nimesema uongo."

"Ningejua, karani aliyaandika mawe yalivyofuatana. Lakini ninalolijua mimi halina faida likikaa kichwani. Nimeshawaponza watu mara moja kwa jambo nililolijua nikaacha kuliandika. Hili lako lilikuwa la kwako kuliandikisha."

Hakuna jingine tulilozungumza. Karatasi ilikwenda kwa meneja ikiwa na maneno ya wanawake pembeni, pamoja na yangu. Nilisikia kuwa meneja aliisoma mara mbili, akamuuliza nani amewafundisha wanawake hawa kupima programu, kisha, kwa kuwa hapakuwa na badiliko lililobaki bila jibu, akakubali inunuliwe ile kompaila nzito ya kulipiwa kila mwaka, iliyotoa orodha tuliyosomewa kwanza. Ndiyo maana nikasema simsemi vibaya. Orodha ikatoka tulivyosimama. Yule wa Likoni akaajiriwa wa mwisho kati ya thelathini. Mimi nikaendelea kuwa kibarua mpaka magoti yakakataa benchi, na nafasi thelathini nyingine hazikutangazwa tena. Yeye hakuwahi kujua. Kama kuna mtu anamsomea haya leo, basi amejua, na asihangaike kunipigia simu.

Nimesikia watu wakimsema marehemu kwamba alikuwa mzee mwenye kuogopa mabadiliko, ndiyo maana akashikilia lugha yake na kompaila yake ya ghali. Si kweli. Mashine kuukuu aliiaga bila kinyongo, na seva mpya alizifunga kwa mkono wake. Alichokataa ni kuambiwa kuwa vitu viwili ni sawa kwa sababu hesabu yake ni sawa. Na hilo naliona kila mahali sasa. Hapa kwetu Utange palikuwa na kioski cha maji, na mama aliyekifungua alikuwa akiwatanguliza wajawazito na wenye wagonjwa. Haikuandikwa ukutani, ilikuwa tabia yake. Kamati ikaweka bomba la kadi ili kazi iende haraka, yule mama akapumzishwa, na maji yanayotoka ni yale yale, mitungi ni ile ile. Ikapita muda ndipo watu wakaanza kuuliza kwa nini mjamzito anasimama juani. Hakuna aliyemfukuza kwenye nafasi yake. Ni kwamba aliyemweka pale alikuwa mtu, na alipoondoka hakuulizwa alikuwa akifanya nini zaidi ya kufungua koki. Hata kule kwenye magodauni siku hizi vibarua huitwa kwa ujumbe wa simu. Aliyeitwa hajui kwa nini ameitwa, na aliyeachwa hajui ameachwa kwa nini, na hakuna mtu wa kumwambia ngoja hapo, bwana.

Basi ninyi mnaobadilisha vitu, ofisini au nyumbani, badilisheni. Lakini kabla ya kukitupa cha zamani, waiteni wale waliokitumia, hata wasiojua kusoma, muwaulize kilikuwa kikiwafanyia nini ambacho hakuna aliyekiagiza kifanye. Kisha kiandikeni. Na wewe utakayeitwa kujibu, jibu siku hiyo hiyo, kwa sababu mtu wa kukungojea mpaka kesho ni nadra, na huyo niliyemjua mimi amezikwa Jumatano. Angekuwa mwenye haraka kama wenzake, karatasi ingeondoka saa tisa ile ile na neno langu la uongo ndani yake. Leo ningekuwa nakula pensheni ya mwanamke wa Likoni, na najijua, ningeila bila hata kukwama kooni.